Pikipiki ya Zamani Haiwaki, Inamisi au Inakula Mafuta: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mwanza na Kando ya Ziwa

Haya ni maswali yanayorudi kila mara vijiweni na kwenye gereji za chini ya miti, kuanzia Buhongwa na Nyegezi hadi Igoma na Kisesa, na ng'ambo huko Sengerema na Ukerewe. Yanahusu pikipiki za silinda moja zenye kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini): CG125 na ndugu zake wa Kichina, Boxer za kabureta, XL125, na zile AG100 za mabwana shamba wa zamani. Pikipiki ya injekta ina dawa zake nyingine, haimo humu.

## Kabla hujashika spana

Pikipiki imegoma kuwaka. Nianzie wapi?

Moto kwanza, mafuta pili, kabureta mwisho. Mafundi wengi wa haraka wanakwenda kinyume: ukifika tu, bisibisi iko kwenye kabureta. Kupima moto wa plagi ni kazi ya dakika mbili na hakuharibu kitu. Kufungua kabureta kila mara kunaua nyuzi za skrubu, kunachana gasketi na kunaingiza mchanga mahali ambapo haukuwepo.

Hata kabla ya moto, angalia mambo ya aibu. Swichi nyekundu ya kuzimia kwenye usukani huguswa na watoto na abiria. Koki ya mafuta chini ya tangi inaweza kuwa imefungwa. Mafuta yenyewe yapo? Tikisa tangi usikie, usiamini geji. Pikipiki ngapi zimesukumwa mpaka gereji juani, fundi akazungusha koki kwenda risevu, ikawaka!

Nitajuaje kama shida ni moto au ni mafuta?

Piga kiki kama mara kumi huku choki (inayopunguza hewa ili mafuta yazidi) imevutwa, kisha fungua plagi uiangalie. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, mafuta yanafika. Tafuta kwenye moto. Ikiwa kavu kabisa, mafuta hayafiki. Fuata njia yake kutoka tangi, koki, mpira, hadi kabureta.

Kama ilizimika njiani, jinsi ilivyozimika ni ushahidi. Iliyokatika ghafla kama mtu amezima swichi, mara nyingi ni moto. Iliyoanza kukohoa, ikavuta, ikalegea, ikarudi kidogo kisha ikafa, hiyo ni mafuta. Ukienda kwa fundi mweleze hili kabla ya jingine lolote, litakupunguzia gharama.

Napimaje moto wa plagi bila kupigwa shoti?

Chomoa plagi, ichomeke tena kwenye kofia yake, kisha laza chuma cha plagi kwenye silinda hedi mahali penye chuma kitupu, mbali na tundu ulikoitoa. Tundu hilo lizibe kwa kitambaa, maana mvuke wa petroli ukitoka na kukutana na cheche unawaka. Shika kofia kwa plaizi yenye mpira mkavu, washa funguo, mwambie mwenzako apige kiki.

Simama kivulini, kwenye jua la saa saba huoni kitu. Moto mzuri ni wa buluu, mnene, na unausikia ukilia ta, ta, ta. Moto mwembamba wa njano au mwekundu unaweza kuonekana nje na bado ukashindwa ndani ya silinda, kwa sababu kuruka kwenye hewa iliyogandamizwa ni kazi ngumu zaidi kuliko kuruka hewani. Ndiyo maana plagi "inayochoma" nje si lazima iwe nzima.

Jambo moja: usipige kiki huku kofia inaning'inia bila plagi kugusa chuma. Umeme ukikosa pa kwenda unarudi kutoboa koili (inayokuza umeme wa plagi) au CDI (kiboksi cha umeme kinachoamuru cheche itoke lini).

## Plagi na moto

Rangi ya plagi inasema nini?

Isome baada ya safari, si baada ya kuiacha injini ikinguruma mahali pamoja. Hudhurungi hafifu ni nzuri. Nyeusi kavu yenye masizi: mafuta mengi kuliko hewa, au moto dhaifu. Nyeusi yenye utelezi wa oili: ringi au sili za valvu zimechoka, na kwa AG100, ambayo ni tustroki (inachoma oili pamoja na petroli), oili imezidi. Nyeupe kama chaki: hewa imezidi mafuta au plagi ni ya joto lisilofaa; usiiendeshe hivyo kwa muda mrefu, pistoni inaweza kuyeyuka.

Niweke plagi ipi, na nafasi yake iwe kiasi gani?

Iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki yako. CG125 inatumia D8EA ya NGK, nafasi milimita 0.6 hadi 0.7. Honda ndogo za injini ya kulala hutumia C7HSA. Hizi mbili haziazimani: ya kwanza ina uzi wa milimita 12 na ni ndefu, ya pili uzi wake ni milimita 10 na ni fupi. Plagi ndefu kuliko inayotakiwa inaweza kugongwa na pistoni.

Kwa NGK, namba kubwa ni plagi inayopoa haraka. Kampuni nyingine, kama Bosch na Champion, namba zinakwenda kinyume, kwa hiyo usimwambie muuza duka "nipe namba nane yoyote".

Kaza kwa vidole mpaka igote, ndipo utumie spana: plagi mpya nusu mzunguko, ya zamani robo au pungufu. Silinda hedi ni aluminiamu. Ukiua uzi wake utajuta kuliko kununua plagi kumi.

Inawaka vizuri asubuhi, ikichemka inakata moto, ikipoa inarudi. Ni nini?

Kama umethibitisha kwamba ni moto unaokatika (na si mafuta, tazama swali la mfuniko wa tangi huko mwisho), watuhumiwa ni watatu: koili ya moto, pulsa (koili ndogo inayoiambia CDI wakati wa kutoa moto) iliyo karibu na magneti (gurudumu la sumaku linalozalisha umeme), na kwa pikipiki za pointi, kondensa (inayozuia cheche kati ya pointi). Waya mwembamba uliokatika ndani ya koili unagusana ukiwa baridi. Ukipata joto unatanuka na kuachana.

Dawa ni kuikamata ikiwa bado na ugonjwa. Beba spana ya plagi na plagi nzima. Ikizima, papo hapo barabarani pima moto kabla haijapoa. Ukisubiri ufike kwa fundi itakuwa imepona na mtabadilisha vitu kwa kubahatisha. Tangu Daraja la J. P. Magufuli lifunguliwe mwaka 2025, safari ya Sengerema haina tena kituo cha kusubiri kivuko Kigongo. Pikipiki iliyokuwa inapumzika foleni sasa inakwenda moja kwa moja, na ugonjwa wa joto uliojificha unajitokeza.

Pikipiki yangu ni ya pointi. Inahitaji uangalizi gani?

Pointi ni vile vibao viwili vinavyogusana na kuachana kila mzunguko, kwa kawaida chini ya magneti. Vikichafuka au nafasi ikibadilika, moto unakuwa dhaifu na taimingi (wakati wa kutoa cheche) inahama. Kwa pikipiki nyingi ndogo nafasi ni milimita 0.3 hadi 0.4 vikiwa vimeachana kabisa. Pima kwa fila (vibao vyembamba vya kupimia nafasi), si kwa kucha.

Vikiwa na weusi, sugua taratibu kwa msasa laini sana, kisha pitisha karatasi safi katikati yake mpaka itoke bila alama. Hatua hii ya karatasi wengi wanairuka, halafu pikipiki inagoma kwa sababu ya vumbi la msasa lenyewe. Vikiwa na shimo upande mmoja na kichuguu upande wa pili, au ukiona cheche kubwa kati yake injini ikiwaka, kondensa imekwisha. Badilisha vyote viwili kwa pamoja.

Mimi nazipenda pointi, nasema wazi. Mtu mwenye fila na msasa anaweza kuzitengeneza akiwa Ukara. CDI ikifa huko unasubiri boti.

Fundi kasema CDI imekufa. Nitahakikishaje kabla ya kununua?

CDI ndiyo inayosingiziwa kuliko kifaa kingine chochote, kwa sababu haifunguki na hakuna anayeiona ndani. Anza kwa kufungua soketi yake, angalia kutu ya kijani, safisha, rudisha. Kisha tenga waya wa kuzimia. Kwenye pikipiki nyingi za mtindo wa Honda zinazotumia umeme wa magneti moja kwa moja, waya huo ni mweusi wenye mstari mweupe, na kazi yake ni kuipeleka CDI kwenye chasisi ili injini izime. Ukiutenga na moto ukarudi, CDI ni nzima. Ugonjwa uko kwenye swichi ya funguo, swichi nyekundu au waya uliochubuka chini ya usukani. Kumbuka tu kwamba ukiutenga, funguo haitazima tena. Itabidi uweke gia, ukanyage breki na uachie klachi.

Kuna CDI za aina mbili, na hapa ndipo pesa zinapotea. Moja inalishwa na koili ya magneti, nyingine na betri. Soketi zinaweza kufanana. Ukipachika ya betri mahali pa ile ya magneti haitafanya kazi, na mnaweza kuunguza kitu. Kama pikipiki inategemea betri, pima betri kwanza. Volti zikishuka sana unapobonyeza stata, moto unakosekana hata CDI ikiwa mpya.

Njia ya uhakika kuliko zote ni kuazima. Tafuta mwenzako kijiweni mwenye pikipiki ya aina ileile inayofanya kazi, hamishia CDI yake kwako kwa dakika tano. Usifanye kinyume, yaani kuweka yako kwake, mpaka ujue yako haina shoti.

Mita inaweza kunisaidia?

Ndiyo, hata ile ya bei ndogo. Upande wa waya mwembamba, koili za CDI huwa chini ya omu moja, za pointi mara nyingi omu 3 hadi 5. Kutoka waya wa plagi (kofia ikiwa imetolewa) hadi chasisi ni maelfu ya omu. Kofia yenyewe mara nyingi ni karibu omu 5,000. Ikisoma haina njia kabisa, umeshampata mwizi kwa bei ya soda mbili. Koili ya magneti inayolisha CDI husoma mamia ya omu. Vipimo vya baridi havikamati ugonjwa wa joto.

Kiki inanirudishia mguu, au inalipua kwenye kabureta. Kwa nini?

Moto unakuja mapema mno. Kwa pikipiki ya pointi, rudia nafasi na alama ya F kwenye magneti: pointi zinatakiwa zianze kuachana alama hiyo inapofika mkabala na mshale. Kwa CDI, ambayo taimingi yake hairekebishwi, fikiria kile kipande kidogo cha chuma kinachoshikilia magneti kwenye kreki (mhimili unaozungushwa na pistoni). Kikikatika, magneti inahama, na pikipiki yenye kila kitu kipya inagoma au inapiga mateke. Hutokea zaidi kama nati ya magneti haikukazwa sawasawa mara ya mwisho ilipofunguliwa.

## Kabureta

Sehemu gani ya kabureta inahusika na tatizo langu?

Inategemea umevuta mafuta kiasi gani tatizo linapotokea. Bandika kipande cha plasta nyeupe kwenye mkono wa mafuta, uweke alama za robo, nusu na robo tatu, kisha endesha.

Tatizo likiwa kwenye sailensi (injini ikinguruma bila kuvuta mafuta) mpaka kama moja ya nane ya mvuto, ni jeti ndogo (jeti ni kipande cha shaba chenye tundu la kupimia mafuta) na skrubu ya hewa. Robo mpaka robo tatu, ni sindano na tundu lake. Robo tatu hadi mwisho, ni jeti kubwa. Ukijua hili huwezi tena kuuziwa jeti kubwa kwa ugonjwa wa sailensi.

Haina sailensi: ukiachia mafuta inazima. Nifanye nini?

Karibu kila mara ni jeti ndogo iliyoziba, hasa kama pikipiki ilikaa wiki kadhaa na mafuta ndani. Petroli ikikauka inaacha gundi, na tundu la jeti hiyo ni jembamba, mara nyingi milimita 0.35 hadi 0.40.

Usiingize pini wala waya wa breki. Jeti ni ya shaba nyeupe, laini kuliko chuma. Ukilikwangua tundu umeshaongeza ukubwa wake na pikipiki itakula mafuta mpaka uinunulie nyingine. Tumia mshipi wa nailoni wa kuvulia, ule mwembamba wa milimita 0.3. Kwenye mji wa wavuvi kama huu haukosekani, nenda Mwaloni Kirumba uombe kipande. Loweka jeti kwenye dawa ya kusafishia kabureta, pitisha mshipi, puliza kwa kompresa, kisha inua jeti juani: lazima uone nukta ya mwanga ya duara kamili. Ukiona nusu mwezi, rudia. Puliza pia vijitundu vya mwili wa kabureta kila upande, ukiwa umeshatoa boya na mipira, maana upepo wa kompresa unaviharibu.

Kama jeti ni safi na sailensi bado inapanda na kushuka yenyewe, kuna hewa inayoingia pembeni. Kagua mpira kati ya kabureta na injini pamoja na ringi ya mpira kwenye kiungo. Injini ikiwaka, paka maji ya sabuni mahali pa kiungo. Mngurumo ukibadilika, umepata. Usinyunyizie petroli kwenye injini ya moto, hata kama umeona fundi akifanya.

Skrubu ya hewa natyuni vipi?

Injini iwe imechemka vizuri na chujio la hewa liwe mahali pake. Izungushe skrubu ndani mpaka iguse taratibu, usikaze, kisha irudishe nyuma mzunguko mmoja na nusu. Washa. Pandisha kidogo sailensi kwa skrubu yake. Sasa zungusha ile ya hewa robo robo, ndani na nje, mpaka upate mahali mngurumo ulipo wa juu na laini zaidi. Shusha sailensi irudi kawaida. CG125 inataka karibu mizunguko 1,400 kwa dakika.

Ikiwa skrubu iko upande wa chujio, inapima hewa: kuitoa nje kunapunguza utajiri wa mafuta. Ikiwa upande wa injini, inapima mafuta: kuitoa nje kunaongeza. Kutojua hili ndiko kunakofanya watu wawili wabishane na wote wawe sahihi kwa pikipiki zao. Kama kuizungusha hakubadilishi kitu, jeti ndogo imeziba.

Kabureta inamwaga mafuta chini.

Funga koki kwanza. Sindano ya boya imeshikwa na uchafu, au ncha yake imelika, au boya limetoboka na kuzama. Gonga kikombe cha kabureta kwa mpini wa bisibisi, taratibu; uchafu mdogo huachia. Ikirudia, fungua. Boya litikise sikioni: likiwa na petroli ndani utaisikia. Ncha ya sindano ikiwa na alama ya duara iliyozama, ibadilishe.

Hata ukifaulu kuzuia, soma swali la oili inayonuka petroli.

Nikivuta mafuta ghafla inakohoa na kusita.

Ikikohoa na kupona ukivuta choki kidogo, inakosa mafuta: jeti, hewa ya pembeni, au sindano iko chini. Ikizidi kuwa mbaya ukivuta choki, mafuta ni mengi: choki haifungi, chujio limeziba, au sindano iko juu. Sindano nyingi zina mifereji mitano kichwani na klipu inakaa wa katikati. Kushusha klipu mfereji mmoja kunainua sindano na kuongeza mafuta, kuipandisha kunapunguza. Badilisha mfereji mmoja tu, endesha, ndipo uamue. Ukigusa sindano, skrubu na plagi siku moja hutajua kilichoponya ni kipi.

Inakula mafuta kuliko zamani.

Kabla ya kabureta: breki zinazoshika, mnyororo mkavu, tairi laini, chujio la hewa, na choki isiyorudi. Baada ya hapo, angalia sindano na tundu lake. Kwa miaka mingi sindano inacheza ndani ya tundu na kulitanua likawa la yai. Hilo halitibiki kwa kutyuni. Nunua vyote viwili. Na kama wewe ni dereva wa hesabu, mweleze bosi kwamba seti hiyo inarudisha pesa yake.

Inapiga mabomu kwenye ekzosi ninaposhuka mlima.

Ukiachia mafuta kwenye mteremko wa Bugando na ikapiga kidogo, mara nyingi ni hewa inayoingia kwenye kiungo cha ekzosi na silinda hedi. Badilisha gasketi ya hapo, ni ya bei ndogo. Ikipiga pia ukiwa unavuta, rudi kwenye moto.

## Ziwa, mvua, vumbi na mafuta yetu

Nimeileta kutoka Dar. Lazima nibadilishe jeti kwa sababu ya mwinuko?

Ziwa Victoria liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa ya Mwanza ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia kumi kuliko ya Dar es Salaam. Pikipiki itapoteza nguvu kidogo na mchanganyiko utaelekea kwenye mafuta mengi. Kwa kawaida skrubu ya hewa inatosha. Plagi ikiendelea kuwa nyeusi, pandisha klipu ya sindano mfereji mmoja. Jeti ndogo zaidi ni kwa anayeishi juu zaidi, kama Mbeya. Mtu akikwambia pikipiki haipandi Mabatini kwa sababu ya mwinuko, muulize kwanza klachi ina hali gani.

Chumvi ya ziwani inaua soketi na nyaya?

Ziwa letu ni la maji baridi, halina chumvi ya baharini. Kinachoua ni unyevu wa usiku na maji ya pampu ya kuoshea. Baada ya kuosha, chomoa kofia ya plagi, futa tundu linalozunguka plagi, acha pikipiki ikauke kabla ya kuiwasha. Ikimisi (ikirukaruka moto) usiku wa mvua, zima taa zote, tazama waya wa plagi gizani injini ikiwaka: ukiona vimulimuli vya buluu, umeme unavuja hapo.

Mafuta ya chupa yanaweza kuwa ndiyo shida?

Yanaweza, na visiwani kuna jambo la ziada. Mashine nyingi za mitumbwi ni tustroki, na petroli yake huchanganywa na oili, kwa mfano sehemu moja kwa hamsini. Ukiuziwa dumu la mvuvi kwa haraka, pikipiki yako ya forstroki itatoa moshi wa bluu na kuchafua plagi. Haitakufa, maliza au mwaga, safisha plagi. AG100 isiyo na pampu nzima ya oili itakushukuru.

Mafuta ya taa yakichanganywa kwenye petroli yanafanya injini igome asubuhi na kunoki (kugonga ndani) mlimani. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe kivulini: petroli safi inakauka upesi bila kuacha doa la mafuta.

Nitajuaje kama kuna maji kwenye mafuta?

Weka chupa ya maji ya kunywa iliyo tupu na kavu chini ya kabureta, legeza skrubu ya kutolea ya kikombe. Acha itulie. Maji ni mazito, yanakaa chini, na utaona mstari unaotenganisha, au matone ya duara yanayokimbiakimbia ukitikisa. Toa mafuta ya tangi yote, safisha chujio la koki. Kama ndani ya tangi kuna kutu, kusafisha kabureta ni kupoteza muda mpaka tangi litibiwe.

Vumbi la barabara za vijijini: chujio lisafishwe vipi?

La sponji lioshe kwa maji ya sabuni, likaushe, lipake oili kidogo, likamue. La karatasi ligonge na kulipuliza kutoka ndani kwenda nje. Likilowa oili, tupa. Anayekwambia uondoe chujio ili "ipumue" anakuuzia pistoni.

## Visa vigumu

Inazima kila baada ya kilomita kadhaa, nikisubiri inawaka.

Ikizima, fungua mfuniko wa tangi. Ukisikia hewa ikivutwa na pikipiki ikawaka mara moja, tundu la pumzi la mfuniko limeziba. Sponji ya kukalia au mfuko wa plastiki uliofungwa juu ya tangi wakati wa mvua hufanya vilevile. Kama mfuniko hauhusiki, rudi kwenye swali la kukata moto ikichemka.

Oili ya injini inanuka petroli na imeongezeka.

Usiiwashe. Kabureta ilimwaga usiku, petroli ikapita kwenye silinda na kushuka chini. Oili iliyochanganyika hivyo hailindi chuma. Tengeneza sindano ya boya, mwaga oili, weka mpya, na jenga mazoea ya kufunga koki unapoegesha pikipiki usiku.

Nimebadilisha plagi, koili, CDI na kabureta. Bado.

Basi haikuwa moja ya hivyo. Pima valvu injini ikiwa baridi kabisa. Pikipiki nyingi ndogo zinataka nafasi kati ya milimita 0.05 na 0.10, na CG125 ni 0.08. Valvu iliyobana haifungi vizuri, inawaka kwa shida ikiwa ya moto, na inamisi kwenye sailensi kama kabureta mbovu. Kisha kompresheni: bonyeza kiki kwa mkono. Ikishuka bila kupinga, mafuta na moto havina kosa.

Nibakize kabureta ya zamani au ninunue mpya ya bei nafuu?

Kama slaidi (kile kipande kinachopanda na kushuka ukivuta mafuta) haichezi sana ndani ya mwili wa kabureta, bakiza ya zamani na uinunulie seti ya ndani. Kabureta mpya ya bei ya chini mara nyingi inakuja na jeti zisizolingana na injini yako. Ukinunua, hamishia jeti zako za asili kama uzi unakubali.

Nilisafirisha pikipiki ikiwa imelazwa kwenye mtumbwi. Sasa haiwaki.

Mafuta yametoka kwenye kikombe yakaingia kwenye silinda na labda kwenye chujio. Isimamishe wima, koki imefungwa. Chomoa plagi uikaushe. Tundu likiwa wazi, plagi ikiwa mbali lakini imegusa chuma kama tulivyoeleza juu, na swichi zimezimwa, piga kiki mara kadhaa mvuke utoke. Mwaga kikombe. Angalia oili kama ilivyoelezwa kwenye swali lake, na betri ya maji kama haikumwaga tindikali kwenye nyaya. Rudisha plagi, fungua koki, piga kiki bila choki huku mkono wa mafuta umevutwa mpaka mwisho. Ikishika, achia taratibu. Safari ijayo funga koki na kausha kikombe kabla ya kuilaza, na mwombe nahodha ailaze upande usio na kabureta kwa chini.